Manilal Gandhi, mhariri wa Phoenix: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jina la Gandhi likitajwa, mazungumzo huishia kwa mzee mwenyewe, yule wa shuka nyeupe na fimbo. Mwanawe wa pili, Manilal, alihariri gazeti dogo la kila wiki nje ya mji wa Durban kwa miaka 36, akafungwa jela Afrika Kusini na India, akafariki kazi ikiwa bado mikononi mwake. Wanaomsikia kwa mara ya kwanza huuliza maswali yaleyale, na majibu yake ni haya.

Manilal Gandhi alikuwa nani?

Alizaliwa Rajkot, Gujarat, tarehe 28 Oktoba 1892. Mohandas na Kasturba Gandhi walijaliwa wana wanne waliokua wakawa watu wazima: Harilal, Manilal, Ramdas na Devdas. Baba alipokwenda Afrika Kusini mwaka 1893 kwa kazi ya uwakili, Manilal alikuwa bado hajatimiza mwaka mmoja.

Aliiona Durban mara ya kwanza akiwa na miaka minne. Meli ya Courland ilitia nanga Desemba 1896, lakini abiria walizuiwa majini kwa zaidi ya wiki tatu. Kisingizio kilikuwa tauni iliyokuwa Bombay. Sababu yenyewe ni kwamba Wazungu wa Natal, koloni lenye mji wa Durban, hawakutaka Wahindi zaidi washuke. Walipokubaliwa kushuka tarehe 13 Januari 1897, mama na watoto walitangulizwa kwa gari la farasi hadi nyumbani kwa mfanyabiashara Parsi Rustomji. Baba alifuata kwa miguu, akapigwa mawe, mateke na mayai viza na kundi la Wazungu. Pengine angeuawa kama mke wa mkuu wa polisi, Bi. Alexander, asingejitosa katikati na mwavuli wake kumkinga.

Hayo ndiyo yalikuwa mapokezi ya Manilal katika nchi ambayo angeishi sehemu kubwa ya maisha yake.

Ni kweli baba yake alimkatalia mayai na supu ya kuku alipokuwa mahututi?

Kweli kabisa, na aliyesimulia ni baba mwenyewe katika kumbukumbu zake. Ilikuwa Bombay mwaka 1902, Manilal akiwa na miaka kumi. Alishikwa na homa ya matumbo pamoja na dalili za nimonia. Daktari, Mparsi (Mhindi mwenye asili ya Uajemi), alisema dawa hazitasaidia sana. Mtoto apewe mayai na supu ya kuku apate nguvu. Gandhi akajibu kwamba familia yao haili nyama, na kwamba imani hupimwa siku kama hizo. Akamuuliza mtoto, mtoto akasema anamfuata baba.

Kilichofuata ni matibabu ya maji: kukalishwa kwenye beseni, kunyweshwa maji ya machungwa yaliyozimuliwa, na usiku mmoja homa ilipofika nyuzi 40 za Selsiasi, kuzungushiwa shuka iliyolowa na kufunikwa mablanketi. Gandhi alimwacha na mama yake, akatoka kwenda kutembea Chowpatty huku akiomba Mungu. Aliporudi akamkuta mtoto ametoka jasho jingi. Homa ilishuka, na Manilal akaishi.

Husimuliwa kama kisa cha imani ya baba. Mimi kila nikikisoma humwangalia mtoto. Ana miaka kumi, yuko kitandani, anaulizwa swali ambalo jibu lake limeshaandaliwa. Miaka mingi baadaye maamuzi makubwa ya maisha yake yalifanywa kwa namna hiyohiyo.

Alisoma shule gani?

Hakuna shule ya kutaja. Gandhi hakutaka wanawe wapelekwe kwenye shule za kikoloni, na nafasi ya upendeleo iliyotolewa kwa sababu ya jina lake hakuikubali. Aliwafundisha mwenyewe alipopata muda, na muda haukupatikana sana. Mwaka 1909, akiwa gerezani Pretoria, alimwandikia Manilal barua ndefu ya kumwelekeza kwamba elimu ni kujenga tabia na kujua wajibu, si kujua kusoma tu. Kijana huyo wa miaka 16 alikuwa akitamani darasa la kawaida kama vijana wenzake.

Rafiki wa familia, Pranjivan Mehta, alijitolea kumlipia mtoto mmoja wa Gandhi masomo Uingereza. Gandhi akaipeleka nafasi hiyo kwa mtoto wa ndugu yake. Harilal, mkubwa wao, hakulisahau jambo hilo na mwaka 1911 aliondoka nyumbani kwa hasira. Manilal alibaki. Uandishi wake aliupata kwenye karakana ya uchapaji, akisoma kurasa za majaribio na kusahihisha herufi.

Gazeti lenyewe lilikuwa lipi?

Liliitwa Indian Opinion. Lilianza Durban Juni 1903 kwa mtambo wa Madanjit Vyavaharik, na mhariri wake wa kwanza alikuwa Mansukhlal Nazar. Mwanzoni lilitoka kwa lugha nne: Kiingereza, Kigujarati, Kihindi na Kitamil. Gandhi hakuwa mhariri kwa cheo, ila ndiye aliyekuwa akiandika sehemu kubwa na ndiye aliyelipa. Anasema ilifika wakati akituma pauni 75 kila mwezi ili gazeti lisife.

Mwishoni mwa mwaka 1904 alilihamishia shambani Phoenix, maili 14 hivi kutoka Durban, kwenye ekari 100 zilizonunuliwa kwa pauni 1,000. Wazo lilikuwa kwamba wafanyakazi walime, wachape, na wote walipwe sawa. Usiku wa kwanza injini ya mafuta iligoma, ikabidi maseremala waliokuwa wakijenga nyumba waamshwe wasaidie kuzungusha gurudumu kwa mikono hadi asubuhi. Gazeti lilitoka.

Lilikuwa gazeti la malalamiko yenye ushahidi. Liliandika juu ya kodi ya pauni 3 iliyotozwa wale waliomaliza mikataba ya kazi za mashambani, juu ya wenye maduka walionyimwa leseni, juu ya hukumu ya mwaka 1913 iliyozifanya ndoa za Kihindu na Kiislamu zisitambulike kisheria. Gandhi alikuja kusema kwamba bila gazeti hilo mapambano yake ya Afrika Kusini yasingewezekana. Katika siku zake bora liliuza nakala 3,500 hivi kwa wiki, na kila nakala ilipita mikono mingi, maana wengi walisomewa.

Manilal aliingiaje kwenye uandishi wa habari?

Kwa adhabu, ukitaka jibu fupi.

Jibu refu linaanzia jela. Mwaka 1910, akiwa na miaka 17, alifungwa Transvaal kwa kuchuuza bila leseni. Wapinzani wa sheria zilizowabana Wahindi walifanya hivyo kwa makusudi ili wakamatwe. Mwaka 1913 alifungwa tena. Mwaka huohuo alihusika katika kosa la kimapenzi pale Phoenix, na baba yake akafunga kula kwa siku saba kama malipizi. Manilal aliahidi kutooa bila idhini yake.

Familia ilirudi India baada ya Gandhi kuondoka Afrika Kusini Julai 1914. Huko, mwaka 1916, Harilal alikwama kibiashara, na Manilal akamkopesha kaka yake fedha za ashramu, makazi ya pamoja ya Gandhi na wafuasi wake, bila kumwambia baba. Jambo hilo lilipofichuka Gandhi alimwondoa ashramu, akampeleka Madras ajitegemee bila kulitumia jina la familia. Kisha mwaka 1917 akamtuma Afrika Kusini kusaidia sehemu ya Kigujarati ya gazeti, ambalo wakati huo lilikuwa linadhoofika. Mwaka 1920 Manilal akawa mhariri.

Kwa hiyo hakuitwa na kipaji, wala hakurithi kiti cha heshima. Alikuta mtambo mkongwe, wasomaji waliopungua, madeni, na shamba linalotaka kulimwa. Harakati kubwa zilikuwa zimehamia India pamoja na baba yake, na macho ya dunia pia. Kazi hiyo ingemshinda mtu mwenye uzoefu, sembuse kijana wa miaka 27 ambaye hajawahi kukaa darasani.

Kazi ya kila wiki ilikuwaje?

Usifikirie chumba cha habari chenye waandishi kumi na simu zinazolia. Phoenix ilikuwa vibanda vya mabati na mbao katikati ya mashamba ya miwa. Herufi zilipangwa moja moja kwa mkono, za Kiingereza sanduku lake na za Kigujarati sanduku lake. Mhariri aliandika tahariri, akasoma magazeti ya Durban na Johannesburg kutafuta habari zinazowahusu Wahindi, akapokea barua za wasomaji, akafuatilia kesi za leseni na ardhi, akasahihisha, akachapa, akakunja, akafungasha kwa ajili ya posta. Baadaye akashika kalamu kuwakumbusha wanunuzi kulipa. Kati ya hayo kulikuwa na bustani, miti ya matunda na wageni, maana kila aliyempenda Gandhi na kufika Durban alitaka kuiona Phoenix.

Mkewe Sushila, aliyeolewa mwaka 1927, alijifunza kupanga herufi za Kigujarati na muda si mrefu akawa nguzo ya karakana. Katika simulizi nyingi anatajwa kama mke wa mhariri tu. Ukiangalia nani alikuwa akihakikisha kurasa zinafika mtamboni, na nani alikuwepo Manilal alipokuwa jela, utaona kwamba gazeti lilikuwa na watu wawili.

Barua za baba hazikukoma. Zilishauri juu ya chakula, afya, tabia, na pia juu ya gazeti: andika kweli, usikope, likishindwa kujiendesha lifunge. Ushauri huo wa mwisho Manilal hakuufuata. Alilishikilia gazeti hata hesabu zilipokuwa zinamsuta, na nadhani hapo ndipo lilipoacha kuwa gazeti la Gandhi na kuwa la kwake.

Kisa cha Fatima Gool ni kipi?

Katikati ya miaka ya 1920 Manilal alitaka kumwoa Fatima Gool, binti wa familia ya Kiislamu ya Cape Town. Baba yake Fatima, Yusuf Gool, alikuwa mtu aliyemfahamu na kumpokea Gandhi, kwa hiyo hawakuwa wageni kwa wageni. Walipendana kwa miaka kadhaa. Mwaka 1926 Manilal akapeleka habari India.

Jibu la Aprili 1926 ni gumu kulisoma. Gandhi alisema ndoa hiyo inakwenda kinyume na dharma, yaani wajibu wa kidini, kwamba itachochea ugomvi wa Wahindu na Waislamu, kwamba jamii haitasahau kuwa Manilal ni mwanawe, na kwamba akiendelea huenda asiwe tena mtu anayefaa kuendesha Indian Opinion. Hilo la mwisho lilikuwa tishio la kazi, hata kama lilivikwa lugha ya upole.

Manilal aliachana na Fatima. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Machi 1927, alimwoa Sushila Mashruwala mjini Akola, chaguo lililopitishwa na baba. Ndoa hiyo ilidumu na inaonekana ilikuwa ya kupendana kweli. Lakini mtu aliyehubiri umoja wa Wahindu na Waislamu maisha yake yote alipewa nafasi ya kuuona nyumbani kwake, akasema hapana. Wanaomtetea hukumbusha hali ya India ya wakati ule, ghasia za kidini zikizidi mwaka hadi mwaka. Utetezi huo una uzito, ila haumwondolei Manilal hasara aliyoibeba. Mdogo wake Devdas alipotaka kuoa binti wa Kibrahmin, tabaka tofauti na lake, naye aliambiwa asubiri. Alisubiri miaka, na mwaka 1933 akaruhusiwa.

Manilal alikuwa kwenye Maandamano ya Chumvi?

Alikuwepo. Alikuwa India mwaka 1930 na jina lake limo kwenye orodha ya wale waliochaguliwa kutembea na Gandhi kutoka Sabarmati hadi Dandi, karibu kilomita 390, kuanzia tarehe 12 Machi, kupinga sheria ya chumvi ya Waingereza.

Ila lililomgharimu zaidi ni Dharasana. Gandhi alikuwa ameshakamatwa. Tarehe 21 Mei 1930 wafuasi wapatao 2,500 waliuendea uwanja wa chumvi wa serikali wakiongozwa na mshairi Sarojini Naidu, yule aliyekuja Mombasa mwaka 1924 kuongoza mkutano wa Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki. Manilal alikuwa miongoni mwa waliotangulia mbele kabisa. Polisi waliwapiga vichwani kwa marungu yaliyofungwa chuma. Waliokuwa mbele wakianguka, safu ya nyuma ilisogea, hakuna aliyeinua mkono kujikinga. Mwandishi Mmarekani Webb Miller alikuwepo, akahesabu majeruhi 320 hospitalini na wawili waliokufa. Habari yake ilichapishwa na magazeti mengi duniani.

Manilal, mhariri, alikuwa upande wa pili wa habari siku hiyo. Alihukumiwa mwaka mmoja jela.

Kwa nini vijana wa Kihindi wa Afrika Kusini walimpinga?

Miaka ya 1930 na 1940 walijitokeza viongozi wapya, akina Dk. Yusuf Dadoo wa Transvaal na Dk. Monty Naicker wa Natal. Walitaka vyama vya wafanyakazi, muungano na Waafrika, na baadhi yao, Dadoo akiwa mmoja, walikuwa Wakomunisti. Waliwaona wazee wa biashara kuwa watu wa kupeleka maombi kwa serikali na kurudi nyumbani. Manilal hakuwa mfanyabiashara, ila tahariri zake zilikuwa na tahadhari, na Ukomunisti hakuuamini hata kidogo. Aliogopa kwamba wanaolitumia neno satyagraha, yaani upinzani usiotumia nguvu, hawaamini msingi wake.

Kuna haki kidogo kila upande. Lakini sheria ya ardhi ya mwaka 1946, ile iliyowabana Wahindi wasinunue ardhi nje ya maeneo waliyotengewa, ilipopingwa na watu wapatao 2,000 kwenda jela, Manilal alikuwa mmoja wao. Alibishana na vijana kwenye gazeti, kisha akafungwa nao.

Alikuwa na msimamo gani kuhusu Waafrika?

Swali hili huulizwa kwa sababu maandishi ya baba yake ya miaka ya mwanzo Afrika Kusini yana maneno ya dharau kwa Waafrika, na hakuna namna ya kuyafuta. Indian Opinion lilianzishwa kutetea Wahindi, na kwa miaka mingi lilibaki hivyo hata chini ya Manilal. Hata hivyo majirani zake walikuwa Wazulu wa Inanda. Umbali mfupi kutoka Phoenix kulikuwa na shule ya Ohlange ya John Dube, rais wa kwanza wa chama cha Waafrika kilichokuja kuwa ANC. Gazeti la Dube, Ilanga lase Natal, lililoanza mwaka huohuo wa 1903, matoleo yake ya mwanzo yalipigwa chapa kwenye mtambo wa Indian Opinion.

Januari 1949 ziliibuka ghasia za Durban kati ya Waafrika na Wahindi, na watu 142 wakafa. Baada ya hapo, na apartheid ikiwa imeshakuwa sera ya serikali tangu 1948, ilikuwa vigumu kwa mhariri yeyote wa Kihindi kuandika kana kwamba jumuiya yake ni kisiwa. Manilal alibadilika polepole, polepole kupita kiasi kwa maoni ya wengi. Jibu lake la wazi zaidi alilitoa kwa miguu, mjini Germiston.

Germiston kulitokea nini?

Kampeni ya Ukaidi ilianza Juni 1952, ANC na Kongresi ya Wahindi wakishirikiana. Watu waliingia maeneo yaliyokatazwa, wakakaa mabenchi ya Wazungu, wakatembea bila pasi walizolazimishwa Waafrika kubeba, ili wakamatwe. Manilal alisita kuingia. Alitaka watu wafundwe kwanza, na aliwatilia shaka Wakomunisti waliokuwamo. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu peke yake kuvunja sheria za ubaguzi mjini Durban, akienda kukaa pasiporuhusiwa Mhindi. Polisi walimwacha tu, labda kwa sababu ya jina.

Tarehe 8 Desemba 1952 aliingia bila kibali kwenye mtaa waliotengewa Waafrika Germiston, karibu na Johannesburg, pamoja na Patrick Duncan na kundi la watu wa rangi mbalimbali. Duncan alikuwa Mzungu, afisa wa zamani wa utawala wa Kiingereza Basutoland (Lesotho ya leo), na baba yake aliwahi kuwa Gavana Mkuu wa Afrika Kusini. Alitembea kwa magongo kwa sababu mguu ulikuwa haujapona baada ya ajali ya gari. Wana wawili wa baba mashuhuri, mmoja wa mtawala na mwingine wa aliyepingana na watawala, walikamatwa pamoja. Manilal alihukumiwa siku 50. Alikuwa na miaka 60.

Mandela alimfahamu?

Ndiyo. Katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, Nelson Mandela anakumbuka mjadala wa mwaka 1952 ambapo Manilal alisisitiza kwamba kutotumia nguvu ni suala la dhamira, lisilobadilika kwa sababu ya mazingira. Mandela na wengine waliliona kuwa mbinu: litumike maadamu linafaa. Walio wengi hawakumfuata Manilal, na baada ya mauaji ya Sharpeville mwaka 1960, polisi walipowapiga risasi waandamanaji Waafrika, tofauti hiyo ilizaa uamuzi wa kuchukua silaha. Manilal hakuwepo tena kubishana.

Ile hadithi ya baba aliyetembea kwa miguu kwa sababu mwanawe alidanganya ni ya kwake?

Ni yake, na aliyeisimulia dunia nzima ni mwanawe, Arun. Akiwa na miaka 16 alimpeleka baba mjini kwa gari, akaachiwa gari lipelekwe gereji na ampitie baba saa kumi na moja jioni. Gari likawa tayari mapema. Arun akaingia sinema, akasahau saa. Alipofika amechelewa alisema gereji ndiyo iliyochelewesha, asijue baba ameshapiga simu gereji. Manilal hakumgombeza. Alisema kama mtoto ameona haja ya kumdanganya basi kuna mahali yeye mzazi amekosea, na atatembea hadi nyumbani akilitafakari kosa hilo. Akaanza safari na suti yake gizani, Arun akimfuata polepole kwa gari kwa zaidi ya saa tano.

Arun anautaja umbali kuwa maili 18, wakati Gandhi mkubwa aliandika 14. Kumbukumbu za usiku kama huo huongeza njia. Wapo wanaoipenda hadithi hii kama somo la malezi. Mimi naona pia kijana aliyeadhibiwa kwa njia ambayo hana pa kuilalamikia, kama Manilal mwenyewe alivyolelewa.

Si Devdas ndiye mtoto wa Gandhi aliyekuwa mwanahabari?

Naye pia. Devdas, mdogo wao, alizaliwa Durban mwaka 1900 na alihariri Hindustan Times la Delhi kuanzia 1937 hadi kifo chake mwaka 1957. Ukipima kwa ukubwa wa gazeti, Devdas anashinda kwa mbali: alikuwa na mwenye mali tajiri, Birla, nyuma yake, na habari za uhuru zilipita mlangoni kwake. Manilal alikuwa mbali na hayo yote. Baba yao alipouawa Delhi tarehe 30 Januari 1948, Devdas alikuwa mjini humohumo, na Manilal alikuwa Afrika Kusini.

Alifariki lini, na gazeti likaishia wapi?

Alipata kiharusi, hakurudia nguvu zake, na alifariki Phoenix tarehe 5 Aprili 1956 akiwa na miaka 63. Hakuna mhariri wa Indian Opinion aliyekaa muda mrefu kama yeye.

Sushila aliendelea. Jina likafupishwa kuwa Opinion, ishara kwamba haliwahusu Wahindi peke yao, na mwaka 1961 likafungwa. Wasomaji walikuwa wachache, fedha hakuna, na magazeti ya upinzani yote yalikuwa yakibanwa. Miaka 58 kwa gazeti la aina hiyo si haba.

Watoto wake wako wapi?

Walikuwa watatu. Sita, wa kwanza, alizaliwa 1928. Arun, aliyezaliwa 1934, alikaa na babu yake katika ashramu ya Sevagram, India, akiwa mvulana, baadaye akawa mwandishi wa Times of India kwa miaka mingi, kisha akahamia Marekani. Alifariki Mei 2023. Ela, aliyezaliwa 1940, aliwekewa amri za kumfungia nyumbani enzi za apartheid, na kuanzia 1994 hadi 2004 alikuwa mbunge wa ANC.

Phoenix inaweza kutembelewa?

Inaweza. Iko Inanda, kaskazini mwa Durban, katikati ya makazi yanayoitwa Bhambayi. Agosti 1985 ghasia ziliikumba Inanda, na sehemu kubwa ya Phoenix ikaporwa na kuchomwa, nyumba ya Gandhi ikiwamo. Ilijengwa upya na kufunguliwa na Rais Thabo Mbeki Februari 2000. Wengi huunganisha ziara hiyo na ya Ohlange, ambako Dube amezikwa na ambako Mandela alipiga kura yake ya kwanza tarehe 27 Aprili 1994. Nenda asubuhi, na umtafute mwongoza wageni wa hapo hapo Inanda. Picha nyingi utakazoonyeshwa ni za baba, kwa hiyo muulize hasa karakana ya uchapaji ilikuwa wapi.